Jicho la Mgonjwa, Akili ya Mashine na Dhima ya Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Methali hiyo inamlenga mgonjwa ajuaye kuwa ni mgonjwa, akaamua kunyamaza. Katika zama hizi, hata hivyo, yamekithiri maradhi ambayo mgonjwa hayafichi. Yeye ndiye anayefichwa. Kisukari na shinikizo la juu la damu huweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila ya kuuma, huku yakidhoofisha figo, moyo na macho kimyakimya. Utafiti wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja maishani mwao.

Ni katika hali hiyo ambapo wataalamu wa tiba wameanza kulitazama jicho kwa matumaini mapya. Kwa kutumia kamera maalumu na programu za kompyuta zilizofunzwa kusoma picha, yamkini uchunguzi wa macho wa dakika chache ukaeleza mengi kuhusu mwili mzima. Makala haya yanashikilia kwamba manufaa ya uvumbuzi huo kwa mwananchi wa kawaida, kwa mfano mkulima wa Karurumo katika eneo la Runyenjes, Kaunti ya Embu, yatategemea lugha kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Aidha, yanadai kwamba kazi ya kuiandaa lugha hiyo ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na kwamba yafaa ianze kabla mashine hazijaenea vijijini.

Jicho kama dirisha la mwili

Nyuma ya mboni, ndani kabisa ya jicho, kuna utando mwembamba upokeao mwanga, nao huitwa retina. Utando huo una sifa adimu mwilini: mishipa yake ya damu huweza kuonekana moja kwa moja, bila ya ngozi kupasuliwa. Tangu mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotangaza chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho, madaktari wamekuwa wakiisoma mishipa hiyo. Shinikizo la juu la damu huibana, kisukari huifanya ivuje, na maradhi mengine nayo huacha alama zake.

Afrika yenyewe imechangia elimu hiyo. Huko Blantyre nchini Malawi, watafiti waliwachunguza watoto waliofariki baada ya kutambuliwa na madaktari kuwa na malaria ya ubongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa miongoni mwa watoto 31 waliofanyiwa uchunguzi wa maiti, 7 walikuwa wameuawa na maradhi mengine kabisa. Dalili iliyowatenganisha vyema wale waliokuwa na malaria ya ubongo na wale wasiokuwa nayo ilipatikana katika retina. Kwa maneno mengine, jicho la mtoto lilijua jambo ambalo homa yake na kuzimia kwake havikuweza kulisema.

Jambo jipya katika miaka ya karibuni ni msomaji. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Google walionyesha kuwa programu ya kompyuta inaweza kuzitambua alama za kisukari katika picha za retina kwa umahiri unaokaribiana na ule wa madaktari wa macho. Mnamo Aprili 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha programu iliyoitwa IDx-DR, ambayo hutoa uamuzi kuhusu madhara ya kisukari machoni bila ya daktari kuisoma picha hiyo. Mwaka huo huo watafiti wa Google walitangaza kuwa programu yao, iliyofunzwa kwa picha za zaidi ya watu 280,000, iliweza kukadiria umri wa mtu, jinsia yake, shinikizo la damu yake na hata uwezekano wa kupatwa na maradhi makubwa ya moyo. Mwaka 2023 hospitali ya macho ya Moorfields na chuo cha University College London zilitoa programu ya RETFound, iliyofunzwa kwa picha milioni 1.6, ambayo inachunguzwa pia kwa kutabiri kiharusi na ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson.

Pumba na mchele

Haifai habari hizo zipokelewe kwa shangwe bila ya kupepetwa. Katika utafiti wa mwaka 2018, makadirio ya shinikizo la damu yaliyotolewa kwa kutazama jicho yalikosea, kwa wastani, kwa milimita 11 za zebaki. Hilo ni kosa kubwa. Kipimo cha kawaida cha kufunga mkononi, ambacho muuguzi yeyote anaweza kukitumia katika kituo cha afya cha Karurumo, ni sahihi zaidi na ni rahisi mno. Asiyekuwa na kipimo hicho asipewe kamera ya mamilioni kwanza. Isitoshe, picha zilizotumiwa kuifunza programu hiyo zilitoka katika hifadhi za Uingereza na Marekani. Mkulima wa Mlima Kenya hakuwakilishwa humo ipasavyo.

Kuna pia suala la mazingira. Google ilipoipeleka programu yake katika zahanati 11 nchini Thailand, ilibainika kuwa zaidi ya picha moja kati ya kila tano zilikataliwa na mashine kwa kuwa vyumba havikuwa na giza la kutosha au picha hazikuwa safi. Intaneti nayo ilisuasua, foleni zikarefuka. Yeyote aijuaye zahanati ya kijijini, umeme wake na mtandao wake, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, kwa upande wa kisukari ushahidi ni wa kutia moyo, hata barani Afrika. Programu iliyofunzwa kwa picha kutoka Singapore ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,574 wa kisukari nchini Zambia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa ilifanya kazi kwa usahihi mkubwa. Hapa ndipo manufaa ya kweli yalipo. Madhara ya kisukari katika retina hayaumi. Yanapogunduliwa mapema, huweza kutibiwa kwa miale ya leza au sindano. Yanapochelewa, upofu unaotokea haurudi nyuma. Nchini Kenya, ambako madaktari bingwa wa macho ni wachache na wengi wao wako Nairobi na katika miji mikubwa, mashine iwezayo kuwatambua wanaohitaji kumwona bingwa ni msaada usiopaswa kubezwa.

Kutoka kwenye picha hadi kwenye tiba

Picha haiponyi mtu. Baada ya mashine kutoa uamuzi wake, mgonjwa huelezwa, huelewa, huamini, hupanga safari, kisha huenda. Tafiti mbili za Afrika Mashariki zinaonyesha jinsi watu wanavyopotea katika hatua hizo.

Ya kwanza ilifanyiwa Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia, nayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Wanafunzi wa shule 50 walipimwa macho. Katika nusu ya shule hizo walimu walitumia mfumo wa simu wa Peek, ambao uliambatana na ujumbe mfupi kwa wazazi na picha ya kuwaonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ulimwengu. Miongoni mwa watoto waliopatikana na matatizo, asilimia 54 ya wale wa mfumo huo walifika hospitalini. Katika shule zilizofuata utaratibu wa kawaida wa kutoa barua, walifika asilimia 22 tu. Ya pili ilifanyiwa nchini Rwanda miongoni mwa wagonjwa wa kisukari, ikachapishwa mwaka 2022. Wagonjwa walioelezwa matokeo ya mashine papo hapo walifuata rufaa kwa asilimia 51.5, waliongojea majibu ya msomaji wa kibinadamu kwa siku kadhaa walifuata kwa asilimia 39.6.

Tafiti hizo zinatufunza mambo mawili. Kwanza, namna ya kumpa mtu habari za mwili wake hubadilisha atakachofanya. Pili, hata katika hali iliyo bora, karibu nusu ya wagonjwa hawakufika walikoelekezwa. Sababu ni nyingi, zikiwemo nauli, kazi za shamba na woga, na si haki kuitwika lugha lawama zote. Lakini nauli haitafutwi na mtu ambaye hakuelewa kwa nini anatumwa hospitalini ilhali macho yake yanaona vizuri.

Maneno yanayopotosha

Hebu itazamwe hali itakavyokuwa kamera kama hiyo ikifikishwa Karurumo. Mama mwenye umri wa miaka 60 na ushei, mkulima wa kahawa na ndizi, anaketi mbele ya mashine. Nyumbani na sokoni huzungumza Kiembu. Kwa mgeni na kwa muuguzi aliyehamishwa kutoka kaunti nyingine huzungumza Kiswahili. Jibu la mashine linatoka kwa Kiingereza, na muuguzi analazimika kulitafsiri palepale, foleni ikiwa ndefu nje. Ni maneno gani atakayoyatumia?

Tuanze na jina la mashine yenyewe. Kiswahili cha leo kina majina matatu yanayoshindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Katika mihadhara ya chuo kikuu ushindani huo ni mjadala wa kuburudisha. Katika zahanati una madhara. Neno “bandia” ndilo litumiwalo kwa noti za kughushi na kwa dawa zisizo halisi. Mgonjwa ambaye ameonywa kila mara ajihadhari na dawa bandia ataambiwaje kwamba jicho lake litasomwa na akili bandia, kisha aamini?

Neno la pili ni “presha”. Kwa wananchi wengi, “ana presha” maana yake ni kwamba ana shinikizo la juu la damu. Lakini ugonjwa wa glakoma nao huitwa presha ya macho. Haya ni maradhi mawili tofauti yenye tiba tofauti, na mashine moja ya jicho inaweza kugundua dalili za yote mawili. Mgonjwa aliyeambiwa kwa haraka kuwa jicho lake limeonyesha presha anaweza kurudi nyumbani akaendelea na vidonge vya moyo, glakoma ikiendelea kumla jicho. Hata istilahi rasmi haijasalimika: “shinikizo la damu” ni jambo alilo nalo kila mtu aliye hai, ilhali hutumiwa kama jina la ugonjwa. Ndiyo maana yafaa kusisitiza neno “la juu” kila mara.

La tatu ni “chanya”. Katika maabara, matokeo chanya humaanisha kuwa kilichotafutwa kimepatikana, yaani ugonjwa upo. Katika magazeti na redio, matokeo chanya humaanisha mafanikio. Mgonjwa aliyezoea maana ya redio atatabasamu na kwenda zake. Ingekuwa bora zahanati zikatumia “dalili zimeonekana” na “dalili hazikuonekana”, maneno yasiyohitaji kamusi.

Tatizo gumu zaidi ni la uwezekano. Mashine hizi hazisemi kwamba mtu atapatwa na ugonjwa wa moyo; hukadiria tu. Kiswahili hutumia neno “hatari” kwa makadirio hayo, ilhali “hatari” kwa mzungumzaji wa kawaida ni simba aliye kichakani: jambo lililopo sasa na linalotisha. “Una hatari ya ugonjwa wa moyo” husikika kama hukumu. Suluhisho halimo katika neno moja bali katika namna ya kusema: “Kati ya watu mia moja walio na hali kama yako, kumi huenda wakapatwa na ugonjwa huu katika miaka kumi ijayo, hatua hizi zitapunguza idadi hiyo.” Sentensi hiyo ni ndefu, lakini inatafsirika kwa Kiembu na hainyang’anyi mtu matumaini.

Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa

Lugha ni suala la haki pia. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu ya kusoma na kuandika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka ridhaa iwe ya hiari na itokane na kufahamishwa.

Wakenya wanakumbuka yaliyojiri mwaka 2023. Maelfu ya watu walipanga foleni jijini Nairobi ili macho yao yapigwe picha na mashine za Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Mnamo Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Mashine zile zilitazama mboni kwa ajili ya kumtambua mtu, wala hazikuwa na kazi ya tiba. Hata hivyo, mwananchi hatarajiwi kuijua tofauti hiyo bila ya kuelezwa. Kamera ya retina itakapowekwa mbele yake atauliza, na ana haki ya kuuliza: picha hii itakwenda wapi, itakaa kwa nani, nayo itafundisha mashine ya nani? Fomu ya Kiingereza yenye kurasa nne haijibu maswali hayo. Kumfanya atie alama ya kidole gumba chini yake ni kutimiza desturi tu.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi, na kwamba muuguzi hutafsiri kwa mdomo tangu jadi. Ni kweli kwamba wauguzi wamefanya kazi hiyo kwa ustahimilivu mkubwa. Lakini wameachiwa mzigo usio wao. Wauguzi watatu wasio na istilahi moja watatoa maelezo matatu, na mgonjwa anayehama kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa ya Embu atasikia majina mapya ya ugonjwa ule ule.

Wengine watauliza kwa nini Kiswahili, ilhali Karurumo ni kwa Waembu. Hoja hiyo ina uzito. Kwa mzee asiyekijua Kiswahili vyema, lugha anayoielewa ni Kiembu, na sheria iko upande wake. Dhima ya Kiswahili hapa ni ya daraja. Maelezo yakishasanifiwa vizuri kwa Kiswahili, muuguzi ama mhudumu wa afya wa jamii huyahamishia Kiembu, Kimbeere au Kichuka kwa urahisi zaidi, kwa sababu miundo ya lugha hizi za Kibantu inakaribiana kuliko inavyokaribiana na Kiingereza. Kiswahili kikikosa maneno, Kiembu nacho kitaachwa kikihangaika.

Kundi la tatu litasema kwamba mashine yenyewe itatafsiri. Huenda ikatafsiri. Lakini mashine hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi ya tiba kwa Kiswahili ni machache. Ikikuta “chanya” na “presha” zikitumiwa kiholela, itazitumia kiholela, tena kwa kasi na kwa kujiamini. Hapa kazi ya wanaisimu inakuwa ya lazima maradufu: wanachokiandika leo ndicho mashine itakachokisema kesho.

Kazi iliyo mbele ya wanaKiswahili

Kiswahili hakiingii katika kazi hii mikono mitupu. Neno UKIMWI lilibuniwa wakati wa hofu kubwa, na leo halihitaji maelezo hata kwa mtoto. Wakati wa UVIKO-19, “barakoa” ilienea kwa miezi michache tu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa Kamusi ya Tiba. Tatizo ni kwamba istilahi nyingi hukaa kabatini. Huundwa na wasomi, hujadiliwa na wasomi, na mgonjwa hakuulizwa.

Basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, hususan katika vyuo vilivyo karibu kama vile Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Chuka, vinaweza kuanza na jambo dogo linalotekelezeka. Viandae orodha fupi ya istilahi na sentensi zipatazo arubaini zinazohitajika katika chumba cha uchunguzi wa macho: jina la kipimo, maana ya dalili, uwezekano, rufaa, ridhaa, na mahali picha itakapohifadhiwa. Orodha hiyo isomwe mbele ya wauguzi, kisha mbele ya wagonjwa wenyewe, na kila mmoja aombwe kueleza kwa maneno yake alichokielewa. Sentensi isiyoeleweka ifutwe, hata kama imesanifiwa na profesa. Kazi hiyo inaweza kuwa tasnifu ya uzamili iliyo bora kuliko uhakiki mwingine wa riwaya iliyokwisha kuhakikiwa mara kumi, na CHAKITA inaweza kuisambaza nchini ikishakamilika.

Waliobobea katika fasihi wasijione kuwa nje ya shughuli hii. Wao ndio wanaojua kwamba msikilizaji huamini simulizi kabla ya takwimu, na kwamba neno moja lililowekwa pasipofaa huharibu ujumbe mzima. Ujuzi huo ndio anaouhitaji muuguzi wa Karurumo atakapokuwa na nusu dakika ya kumweleza mama mwenye macho yanayoona vizuri kwamba yampasa asafiri hadi Embu, na kwamba safari hiyo isingoje mavuno.